Mutoto amepata diplome ya Leta, iko na otisime (usonji): burse za batu kama yeye ziko wapi?

#1 mama_himbi, Goma
Jambo bote. Nitaandika murefu, munisamehe. Mutoto wangu wa kwanza iko na myaka 19, amepata diplome ya Leta mwaka huu, seksyo Math-Fizike, 66%. Iko na otisime. Alianza kusema akiwa na myaka tano na nusu, na neno yake ya kwanza haikukuwa mama wala papa, ilikuwa "Nyiragongo", juu tulikuwa tunakaa fasi mulima unaonekana ku dirisha na kila mangaribi alikuwa anasimama pale anaangalia ile wekundu mupaka anasinzia akisimama. Hata leo ukimuuliza atakupa tarehe zote, lava ilipita wapi, ilikata barabara gani, ilisimama mbele ya nyumba ya nani. Anataka kusoma jeolojia. Si ingine.

Sasa baba yake aliona ku telefone kama Marekani kuko burse za batoto ba otisime benye bamemaliza sekondari, dola 3,000. Swali langu: mutu wa Goma anaweza kuomba ile? Ao kuko ya huku kwetu? Nimeenda kuuliza ku biro ya inive moja hapa, mutu mwenye nilikuta akaniangalia akasema "mama, burse ni ya bale beko na akili". Nikatoka, nikakaa ku kibaraza ya inje dakika kama kumi juu miguu ilikataa kutembea.

#2 mwana_kadutu, Bukavu
Pole mama. Ule wa ku biro usimutie ku roho. 66% ya Math-Fizike, anatafuta akili ya namna gani tena? Sisi tulikuwa 41 mu kalasi, benye balipita 60 balikuwa babili. Na ile ya mulima imenigusa, miye nilikuwa mudogo kwa shangazi huko Goma lava ya 2001, nakumbuka tu kubebwa ku mugongo na arufu.

#3 mwalimu_nguba, Bukavu
Hongera kwa kijana, mama. Kwa Kiswahili cha vitabuni hali hii inaitwa usonji, nalileta neno hapa ili mwingine akitafuta aukute uzi huu.

Ile ya dola 3,000 aliyoiona baba yake ninaijua. Ni ya Organization for Autism Research, shirika la Marekani, jina la burse ni Schwallie Family Scholarship. Wanakupa mara moja, si kila mwaka. Lazima uwe na usonji uliothibitishwa na wataalamu, uwe umeandikishwa kusoma muda wote, iwe iniversite au shule ya ufundi. Wana nyingine inaitwa Lisa Higgins Hussman kwa wale wenye kuhitaji msaada mwingi zaidi. Lakini zote zimepangwa kwa wanafunzi wa vyuo vya kule kule, kijana aliye Goma hazimfikii. Na hata zingemfikia, ada ya mwaka mmoja kule inaweza kuzila mara kumi na bado. Yule anayeipata anaiongeza juu ya pesa nyingine, haijengi nyumba, inanunua bati moja.

#4 kamalondo_wetu, Lubumbashi
Mwalimu anaandika sawa bale ba radio 😄 lakini tunasikia, endelea.

Njo vile minajua miye pia. Kila inchi inapangaka burse ya batu yake. Bandugu yetu mingi ya Lushi banaendaka kusoma Afrika ya Kusini, kule kuko pesa ya Leta banaita NSFAS, na ndani mule kuko sehemu ya balemavu, inalipa mpaka bintu ya kumusaidia mutu asome. Muzuri sana. Sasa angalia kitambulisho banaomba: ya kule. Kwisha. Uingereza vile vile, kuko Disabled Students' Allowance, haurudishake, habaangalie baba yako analipwa ngapi, na mwenye usonji anahesabika, lakini ni ya mutu wa kule, mwanafunzi mugeni hana. Kwa miye jibu ni hii: shida ni paspoti, otisime haina maneno.

#5 psy_majengo, Goma
Naunga mkono nusu. Paspoti ni ukuta wa pili. Wa kwanza ni karatasi.

Mimi ni saikolo, napokea familia hapa Goma. Wazazi wanakuja Agosti, burse inafunga Septemba, ninauliza "rapoti ya daktari iko wapi", wananiletea karne (daftari) ya chanjo na picha. Karibu kila burse yenye kutaja usonji inaomba kitu kimoja: rapoti ya mutaalamu. Na si ile ya mistari mitatu "nathibitisha kama fulani ni mgonjwa". Iandikwe jina la hali yenyewe, walimuchunguza namna gani, lini, nani, sinyatire na kashe (muhuri), na sehemu yenye watu wengi wanasahau: ile hali inamugusa namna gani AKISOMA, na anahitaji nini. Kelele, mwanga, muda, kusema mbele ya watu.

Pa kuanzia: Goma kuko Tulizo Letu, Bukavu SOSAME, Lubumbashi Joseph Guislain, na ukivuka, Ndera ku Kigali. Zote nne ni nyumba za Ndugu wa Karita. Watu wanaogopa juu banasema ni fasi ya wazimu. Unaenda kutafuta mutaalamu mwenye kuandika, basi.

Na kama muko na karatasi ya zamani yenye kuandikwa "Asperger", haijakufa. Toka 2013 kitabu cha DSM-5, chenye madaktari wanafuata kwa majina ya hali za akili, kiliunganisha Asperger ndani ya usonji, kwa hiyo daktari anaandika upya tu kwa jina la sasa.

#6 mama_himbi, Goma
Asanti bote. @psy_majengo hapo njo umenichoma. Karatasi tuko nayo, ya wakati alikuwa na myaka saba. Imeandikwa "akili yake inachelewa kidogo". Ile tu. Sasa nikiweka ile ku dosye pembeni ya 66% si batasema moja kati ya haya mawili ni bongo?

#7 psy_majengo, Goma
Ndiyo watasema. Usiweke. Mutoto mwenye alichelewa kusema, ukimupima akiwa na myaka saba kwa maswali ya kujibu na mudomo, atatoka "anachelewa" hata kama kichwani anahesabu lava. Anza upya. Beba bulletin zote, daftari zake za zamani, na wewe mama andika ku karatasi vile alikuwa mbele ya myaka mitatu: alikuwa anacheza na nini, aligeuka ukimuita jina ao hapana, alikula nini alikataa nini. Ile kumbukumbu yako ni nusu ya rapoti.

#8 papa_ndosho, Goma
Mimi wa kwangu iko na myaka 11, burse bado mbali lakini nasoma. Alikuwa anasema vizuri "papa", "maji", kisha chanjo ya surua akanyamaza kabisa. Tulipita ku vyumba vya maombi vitatu. Kimoja walimufungia siku mbili bila kula ili pepo itoke. Naandika na aibu. Sikurudi tena.

#9 psy_majengo, Goma
Papa Ndosho, kuandika hivi kumesaidia mzazi mwingine mwenye anasoma na hasemi. Kuhusu chanjo: ile hadithi kama inaleta usonji ilitoka ku andiko moja la daktari Andrew Wakefield, 1998, na jarida lenyewe, Lancet, lililifuta 2010. Dalili za usonji zinaanza kuonekana umri ule ule wa zile chanjo, ndiyo maana mzazi anaona moja imeleta ingine.

#10 fizi_kwetu, Bukavu
Mimi naona munazunguka. Shida ni pointi. Burse zote za hapa kwetu zinaangalia pointi basi. Excellentia, ile ya Fondasyo ya Denise Nyakeru Tshisekedi, ilianza 2019, ni ya bale ba kwanza ba Exetat, mtihani ya Leta. BEBUC, ile ilianzishwa na profesa Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, iko Bukavu, iko Lubumbashi, nzuri kabisa, lakini wanachagua bale bakali, na kuko interviu ya kupita. Turkia wanalipa yote, ndege, malalo, masomo, dosye ni bule: nao beko na kiwango. Hakuna hata moja inauliza "weye ni otisti?" Haisaidii wala haizuii. Ni namba.

#11 mwalimu_nguba, Bukavu
Fizi, ongeza hesabu yenyewe basi. Türkiye Bursları: wanafungua 10 Januari na kufunga 20 Februari kila mwaka, kwa licence uwe chini ya miaka 21, na pointi angalau 70%, utabibu 90%. Kijana wa mama Himbi ana miaka 19, umri sawa. Ana 66. Kaanguka kwa pointi nne.

Na hapa ndipo ninapokasirika, maana 66 ya Exetat si 66 ya kila nchi. Kwetu mtu akipata 66 kartie nzima inamwagiwa poda. Nimefundisha Hisabati miaka kumi na minane, najua wangapi wanavuka 65.

#12 mwana_kadutu, Bukavu
Poda na kichupa ya Primus 😂 Bukavu siku ya matokeo hata mwenye 50 anamwagiwa. Lakini mwalimu anasema kweli.

#13 kimya_kipushi, Lubumbashi
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa mara mbili. Miye mwenyewe niko na usonji, nilijua nikiwa na myaka 22, niko mwaka ya tatu ya licence hapa Lubumbashi. Sitasema inive gani.

Fizi, umesema haizuii. Nilipata nafasi ya burse ya shirika moja, mtihani ya kuandika nilikuwa wa pili, kisha bakatuita ku interviu. Batu bane nyuma ya meza, ventilatere inapiga tak, tak, tak, na ule wa katikati alikuwa anafungua na kufunga bic. Akaniambia "jieleze". Ile swali miye sijuake inaanza wapi inaishia wapi, nikamuuliza "sehemu gani?", bakacheka, si kwa ubaya, bakacheka tu, na kisha pale sikusikia tena maneno, nilikuwa nasikia bic na ventilatere, nikaangalia ile bic mpaka mwisho juu kama ningeangalia macho yabo singeweza kufikiri. Wiki mbili kisha jibu: "hana uwezo wa kuwasiliana". Wa tano ku mtihani njo alipata.

Sikukuwa nimeandika usonji ku dosye, juu yaya (mukubwa) yangu alisema ukiandika batakutupa mbele hata ya mtihani. Sasa najua ningeweza kuomba banipe maswali ku karatasi siku moja mbele, ao nijibu kwa kuandika. Mama, miye nasema andika. Andika ku mustari ya kwanza.

#14 dada_ibanda, Bukavu
Kimya, pole sana kaka. Lakini usimuambie mama aandike haraka vile. Mudogo wangu aliandika. Aliweka rapoti nzuri, ya ku Kigali, kurasa sita, tulilipa pesa ya mbuzi wawili. Hawakumuita hata ku mtihani, na alikuwa na pointi kupita wenzake watatu wenye waliitwa. Tulipouliza, sekretere akasema "tulifikiri itamuchosha". ITAMUCHOSHA. Kwa hiyo moja alificha akaanguka, mwingine alionyesha akaanguka.

#15 kamalondo_wetu, Lubumbashi
Hapo sasa miye pia nimepoteza njia. Bote babili beko na haki.

#16 mwalimu_nguba, Bukavu
Labda inategemea nani anasoma dosye. Kuna mahali ulemavu wenyewe umo ndani ya hesabu yao, hapo kuficha ni kujinyima. Burse ya Mastercard Foundation Scholars, iliyoanza 2012: wamejiwekea lengo la 70% wasichana, 25% wakimbizi na waliohama makwao, na 10% vijana wenye ulemavu. Makerere wamo, Carnegie Mellon tawi la Kigali wamo ila pale ni master tu. Erasmus Mundus ya Ulaya, nayo ni master: euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na kuna pesa ya ziada kwa mwanafunzi mwenye ulemavu kufuatana na mahitaji yake. Hiyo pesa ya ziada usipojitaja huipati.

Na mitihani ya lugha. TOEFL, IELTS, hata Duolingo, ukiwa na rapoti wanakuongezea muda au mipango mingine. Unaomba MBELE ya kujiandikisha siku, si baada.

#17 fizi_kwetu, Bukavu
Master, master. Mama anatafuta ya licence, ile ni myaka mitatu kwanza, mutoto atafikaje ku master bila pa kuanzia? Na DAFI hamukuitaja, ile ya wakimbizi inasomesha licence.

#18 bibi_nakivale
Fizi nakusahihisha juu niko ndani yake. DAFI ni ya UNHCR na Ujerumani, toka 1992, kweli inalipa licence. Lakini uwe mukimbizi mwenye kuandikwa katika inchi ingine. Mimi nilitoka Rutshuru, niko Uganda, ndiyo maana nikaomba. Mutu aliye nyumbani kwake Goma hata kama amehama kartie mara nne si mukimbizi kwa hesabu yao. Musimutume mama kuvuka mupaka na mutoto kwa ajili ya burse, kambi ni kelele usiku na mchana, yule mutoto wa mulima hatapumua.

#19 mama_himbi, Goma
Asanti dada. Sitavuka. Kelele njo adui yake namba moja. Siku ya kwanza ya Exetat askari alipiga firimbi pale portail, mutoto akakimbia kujifungia ku choo. Nilikuwa inje na bazazi bengine, nikasikia banasema "kuko mumoja amepanda kichwa". Mwalimu wake wa fizike njo alimufuata, akakaa chini mbele ya mulango ya choo, akaanza kumuuliza kwa sauti ya chini urefu wa Nyiragongo, mutoto akajibu toka ndani "mita 3,470", akamuuliza Nyamulagira, akajibu, vile vile mupaka akafungua. Wakamuweka benchi ya mwisho karibu ya mulango. Nilikuwa nimemushonea kitambaa chenye pamba ya kufunika masikio, akakivaa, akaandika mupaka saa ya mwisho. Siku tatu zilizobaki baba yake alikuwa anamufikisha saa moja mbele ya firimbi.

#20 papa_ndosho, Goma
Ule mwalimu wa fizike Mungu amuone.

#21 fundi_mbao, Goma
Mama, wacha pamba. Miye ni fundi wa mbao Katindo, tunatumia kaske ya masikio ya kukatia mbao na mashine, iko ku soko, ukiivaa hata jenerata ya jirani hauisikie. Moja niko nayo haina kazi, nitakuachia.

#22 mwana_kadutu, Bukavu
Jenerata ya jirani hata miye nataka ile kaske. Hapa tangu juzi hakuna kuriri (umeme), tunalala na muziki ya bistro.

#23 jamaa_express
Burse Canada kwa walemavu wote, nafasi zimebaki chache, dosye dola 60 tu kwa telefone, andikieni haraka namba 

#24 Musimamizi
Namba imefutwa, mutu ametolewa. Turkia, DAFI, Erasmus Mundus, BEBUC, hakuna hata moja inaomba pesa ya dosye kwa telefone ya mutu.

#25 fizi_kwetu, Bukavu
Na kuko sheria, ama? Tunabembeleza kama ni sadaka.

#26 mwalimu_nguba, Bukavu
Iko. Sheria organike namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kabla ya hapo Katiba yenyewe kifungu cha 49, na mapatano ya Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu ambayo Kongo iliingia 2015, kifungu cha 24 kinataja hata masomo ya juu: mtu asibaguliwe na apangiwe mazingira yanayomfaa. Haisemi "burse". Lakini mama anaweza kuandika barua kwa iniversite akitaja hivyo vifungu na kuomba mambo ya kawaida kabisa: benchi karibu na mlango, muda kidogo, mtihani wa kuandika badala ya wa mdomo.

#27 dada_ibanda, Bukavu
Mwalimu, sheria tuliitaja. Sekretere alituomba tumupigie fotokopi juu hakuwahi kuiona.

#28 mwalimu_nguba, Bukavu
Basi mlifanya kazi ya serikali. Nasema kwa heshima.

#29 kimya_kipushi, Lubumbashi
Kuko kitu ingine hakuna mutu amesema. Munaongea burse sawa ile njo mwisho. Burse inakufikisha ku mulango. Mwaka ya kwanza tulikuwa mia nne na zaidi mu oditware (chumba kubwa ya masomo), mikro inalia, batu banagombea biti, TP (kazi ya mazoezi) ya kikundi batu kumi na bote banasema pamoja. Mu mwezi ya pili niliacha kuingia. Nilikuwa nakopi noti ku mutu mumoja saa kumi na mbili ya asubui mbele bengine bafike. Pesa nilikuwa nayo mwaka ile, baba yangu alikuwa na kazi ku mine. Sikuanguka juu ya pesa.

Nilisoma kama Ufaransa kuko programu ya mainiversite, ilianza 2018 kwa jina Aspie-Friendly, sasa Atypie-Friendly, na Marekani kule Marshall University, West Virginia, beko na yabo toka 2002: mutu anakufuata, anakuonyesha oditware mbele masomo ianze, anakusaidia kupanga siku. Ningepata mutu mumoja wa vile kwa saa mbili ku juma, ningemuchukua pahali pa dola 3,000.

#30 kamalondo_wetu, Lubumbashi
Kimya miye naishi Lushi na sikujua kama kuko batu banaishi vile mu oditware pembeni yetu. Lakini sikubali yote. Kwa mwenye baba hana kazi ku mine, pesa njo mulango, njo dirisha, njo nyumba yote. Ukikosa minerval (pesa ya masomo) hata huyo wa kukufuata atakufuata wapi?

#31 psy_majengo, Goma
Na mimi narudia karatasi hahaha. Bila karatasi hata huyo wa kufuata hajui anafuata nini.

#32 bibi_nakivale
Kila mutu na ukuta wake. Mimi ukuta wangu ulikuwa kusema "niko mukimbizi" kwa sauti.

#33 mama_himbi, Goma
Naandika usiku juu ya kuriri. Nimefanya hivi: nimepata randevu ya saikolo juma ijayo, nimejaza kurasa nne za vile alikuwa mudogo, nimekumbuka bintu nilikuwa nimesahau, sawa vile alikuwa anapanga sambaza (samaki dogodogo) ku sahani zikiangalia upande moja mbele ya kula. Burse ya inje tunaweka pembeni mwaka huu. Kisha banki za pesa kufungwa hapa Januari 2025 duka ya baba yake ilianguka, lakini mujomba wake iko Bukavu, pale kuko jeolojia ku Iniversite Ofisyel, atalala kwake, tutatafuta minerval ya mwaka ya kwanza na ndugu. Akipata pointi nzuri ataomba BEBUC, kama Fizi alisema. Kama tutaandika usonji ku ile dosye ao hapana, mimi nasema ndiyo, baba yake anasema hapana, bado tunagombana.

Nilimusomea uzi huu wote. Alisikiliza akiangalia ku ukuta. Kisha akaomba niandike bintu vitatu vile vile anasema:
1. Oditware iko na milango ngapi.
2. Mwalimu akiuliza swali, mutu anaweza kujibu ku karatasi.
3. mwana_kadutu aliandika 2001. Ni 2002, tarehe 17 Januari, siku ya nne ya juma (Alhamisi).

#34 mwana_kadutu, Bukavu
Ni 2002. Nimekubali. Mujomba wake akiwa na shida ya nafasi, kwetu Kadutu kuko kitanda, ila kuko bistro.

#35 kimya_kipushi, Lubumbashi
Jibu yake, ya kwangu ya Lushi, ya Bukavu mutu wa Bukavu aende kuhesabu:
1. Milango mitatu. Moja haifunguke. Ya nyuma njo muzuri, inatokea ku miti ya maembe, hakuna batu.
2. Mu balimu saba niliomba, babili balikubali. Bale batano sikubauliza tena, lakini sijasahau swali.
3. Siku ya nne, ni kweli. Nimeangalia.

#36 dada_ibanda, Bukavu
Niko karibu na Iniversite. Siku ya tatu naenda kuhesabu milango, na nitaangalia zinafunguka namna gani, kama zinalia.